Barua ya wazi kwa watengenezaji wa tamthilia za upelelezi: mpenzi wa steringi naye ni mtu

Kwa wakuu wa vituo vya televisheni, watayarishaji, waongozaji na waandishi wa skripti wa Dar es Salaam na Nairobi,

Salamu kwenu nyote, na poleni kwa kazi.

Ninaandika kutoka Tanga. Mimi si mtu wa fani yenu. Ni mtazamaji tu, tangu enzi za kujipenyeza kwenye kibanda cha video cha mtaani kwetu na pesa niliyopewa ya kashata. Neno steringi, yaani shujaa mkuu wa filamu, nililijua kabla sijajua kusoma. Kanuni ya kwanza pale kibandani kila mtoto aliijua: steringi hafi. Angepigwa risasi, angetupwa mtoni, angefungiwa kwenye nyumba inayowaka moto, sisi tulikaa tumetulia kwa sababu tulijua atatokea. Kulikuwa na kanuni ya pili ambayo hakuna aliyeitamka, na tuliijua vilevile. Mpenzi wa steringi akionekana anacheka, anamfunga mwenzake vifungo vya shati, anamwambia arudi mapema, tulianza kupigana viwiko gizani. Huyu kwisha. Na kweli, haikupita robo saa.

Sasa vibanda vimepungua, king'amuzi kiko sebuleni, na mambo ya kupigana ngumi yamewaachia nafasi wapelelezi wenye kompyuta na maabara. Kanuni ile ya pili imehamia huku ikiwa nzima, haina hata mchubuko. Nawaandikia kuhusu hiyo.

Chukueni NCIS, tamthilia ya Marekani ya wapelelezi wa jeshi la majini iliyoanza 2003, ambayo wengi wenu mmeiangalia na baadhi yenu, naona kwa kazi zenu, mmejifunzia. Mkuu wa kikosi ni Gibbs, aliyeigizwa na Mark Harmon. Anaingia kwenye hadithi akiwa tayari amefiwa na mke na binti waliouawa. Mei 2005, mwisho wa msimu wa pili, mpelelezi Kate Todd anapigwa risasi ya kichwa juu ya paa, mbele ya Gibbs. Mwaka 2015 Diane, aliyewahi kuwa mke wake, naye anapigwa risasi juu ya paa, mbele yake vilevile. Katikati hapo, mwaka 2008, anauawa Jenny Shepard, mkurugenzi wa idara nzima, aliyewahi kupendana na Gibbs huyohuyo. Jenny alikufa bastola ikiwa mkononi, anapigana, na kwa hilo nampa mwandishi haki yake. Lakini angalieni kilichofuata. Nyumba yake ilichomwa moto makusudi ili watu waamini kwamba amekufa kwa ajali ya moto. Mwanamke aliyeongoza wapelelezi wote wale, hata kifo chake cha kishujaa hakuruhusiwa kukimiliki.

Mke, binti, mtalaka, mpenzi wa zamani, mwenzake wa kazi. Kila kaburi linaongeza kina kwenye macho ya mwanamume mmoja.

Na si NCIS peke yake. Kwenye CSI: Miami, mpelelezi mkuu Horatio Caine alimuoa Marisol, na msimu wenyewe wa 2006 haukuisha Marisol hajapigwa risasi. Kwenye Criminal Minds, kipindi cha mia moja, Novemba 2009, kilisherehekewa kwa kumuua Haley, aliyekuwa mke wa mkuu wa kikosi, huku mumewe wa zamani akisikiliza kwenye simu. The Mentalist haikusubiri hata kuanza: mke na binti wa Patrick Jane, steringi wake, wamekwisha kuuawa kabla hatujamjua yeye, na tukaenda naye miaka akimtafuta muuaji. Nikiwauliza mashabiki wa tamthilia hiyo huyo mke alikuwa akifanya kazi gani, alipenda nini, alikuwa mtu wa namna gani, wengi wananitazama tu. Alama ya muuaji ukutani, ile ya uso unaocheka iliyochorwa kwa damu, wanaweza kuichora wote.

Najua wanaume nao hufa humo ndani, tena wengi. Sihesabu maiti. Ninachouliza ni kifo kinabaki mali ya nani. Polisi mwanamume akifa kwenye tamthilia hizi, mara nyingi tunaambiwa alichokuwa anakitafuta, na wenzake wanaapa kuimaliza kazi yake. Mwanamke akifa, tunaonyeshwa mwanamume anayekunywa pombe peke yake.

Niwaeleze kuhusu shangazi yangu, kwa sababu ndiye aliyenifungua macho, na bila yeye barua hii isingekuwapo.

Shangazi ni polisi mstaafu. Mtaani wanamwita Afande mpaka leo, hata wauza samaki. Miaka yake ya mwisho kazini alikaa Dawati la Jinsia na Watoto, na mnaojua kazi ya dawati hilo mnajua mtu anayetoka huko amesikia nini. Jioni tunakaa naye kuangalia tamthilia. Haangalii kama mimi. Yeye anauliza maswali, na maswali yake yanaudhi mpaka uyasikilize vizuri. Siku moja ilifika ile picha mnayoipenda nyote: msichana amelala kwenye meza ya chuma mochwari, shuka imeishia kifuani, nywele zimetandazwa vizuri, midomo ina rangi, na wapelelezi wawili wanaume wanazungumza juu yake huku mmoja akila kitafunwa. Shangazi akaniuliza, "Huyu binti ataoshwa na nani?"

Nikamwambia shangazi, hii ni tamthilia.

Akasema, "Najua. Mama yake yuko wapi?"

Tuliangalia kile kipindi mpaka mwisho. Mama hakutokea. Hakutokea dada, wala rafiki, wala jirani wa kusema yule binti alikuwa akicheka vipi. Muuaji tulimjua utoto wake, tukaonyeshwa baba yake aliyekuwa akimpiga, tukasikia na muziki wa huzuni wakati anasimulia. Marehemu tulilijua jina lake na urefu wa jeraha lake. Shangazi akasimama kwenda kuswali isha, akasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona maiti ya mwanamke ambayo haikuwa na mtu nje ya mlango. Siku zote kuna mtu nje ya mlango. Mara nyingi ni mama, ameshika kanga ya kumfunikia.

Tangu siku hiyo siwezi kuiangalia ile meza ya chuma bila kumtafuta yule mtu wa nje ya mlango.

Isidhaniwe ni jambo lisilowezekana kwenye televisheni. Wadenmark waliliweza mwaka 2007 kwenye Forbrydelsen. Msichana mmoja, Nanna, anauawa, na vipindi ishirini vyote vya msimu wa kwanza vinakwenda na kifo hicho kimoja. Wazazi wake, Theis na Pernille, wenye biashara ya kuhamisha mizigo, hawakuwekwa pale kujibu maswali mawili ya polisi na kuondoka. Tunakaa nao jikoni. Tunawaona wakigombana, wakishindwa kuwaeleza watoto wao wadogo. Na mpelelezi, Sarah Lund, ni mwanamke mwenye sweta lake, mgumu, anayekosea, anayewaudhi watu wake wa karibu. Hakuna aliyebadilisha chaneli kwa kuchoshwa. Dunia iliinunua.

Waingereza nao. Prime Suspect ya Lynda La Plante ilimleta Jane Tennison wa Helen Mirren mwaka 1991, mkaguzi mkuu wa polisi ambaye kabla hajapambana na muuaji inabidi apambane na ofisi iliyojaa wanaume wasiotaka kumwita mkuu. Miaka mingi baadaye Sally Wainwright akaandika Happy Valley, na Sarah Lancashire akaigiza sajenti Catherine Cawood, bibi anayemlea mjukuu wake. Mwanamke wa makamo, mwili wa mtu anayefanya kazi, sare na fulana ya kuzuia risasi, chai mkononi. Binti yake amekufa kabla hadithi haijaanza, na hapo ndipo mjifunze tofauti: kifo cha binti yule ni jeraha la ukoo mzima, kina historia, kina kaburi linalotembelewa, na mtoto aliyebaki ana maswali. Shangazi aliangalia misimu yote mitatu na hakuuliza swali hata moja. Mara moja tu alisema, "Huyu namjua," nikaelewa alimaanisha kazini.

Kuna jambo la mapenzi. Hapa nataka nikae kidogo, maana mnalifanyia haraka kuliko yote.

Mpelelezi mwanamke kwenye tamthilia zenu ana njia mbili. Ama hana mtu, na upweke wake unaonyeshwa kama bei ya kazi, friji tupu na simu isiyopigwa. Ama anapendana na mwanamume wa kikosini, na hapo tunazungushwa misimu minne tukingoja wabusiane, kisha wakishaoana mwandishi hajui tena awafanye nini. Castle ilifanya hivyo. Ilianza 2009, mpelelezi Beckett wa Stana Katic na mwandishi wa vitabu Castle wa Nathan Fillion, na ilikuwa raha kuwaangalia kwa sababu mwanamke ndiye mwenye beji na mwanamume ndiye anayemfuata. Wakapendana 2012, wakaoana 2014. Msimu wa nane ulipoanza, waandishi wakamwondoa Beckett nyumbani akafuatilie kesi kwa siri, ndoa ikasimamishwa, eti ili hadithi ipate moto. Aprili 2016 ikatangazwa kwamba Stana Katic hatarejea msimu wa tisa ikiwa utakuwepo, yaani tamthilia ingeendelea bila mwanamke aliyekuwa nusu yake. Watazamaji walikasirika vibaya. Mwezi uliofuata tamthilia yenyewe ikafutwa.

Wakati huohuo Bones, tamthilia ya aina ileile, ilimpa mwanasayansi Brennan mtoto, ikamwozesha kwa mpelelezi mwenzake Booth mwaka 2013, akaendelea kusoma mifupa yake maabara mpaka 2017. Miaka minne baada ya harusi. Akina mama wanaokwenda kazini asubuhi na kurudi kwa waume zao jioni ndio wengi wa watu wanaowaangalia ninyi. Kwa nini mnaona maisha hayo hayana hadithi?

Na Ziva. Nairudia NCIS kwa ajili ya mpelelezi wake Ziva David, kwa sababu nilimpenda, sitaki kuficha. Cote de Pablo, aliyemwigiza, aliondoka 2013, na baadaye alieleza kwamba hakuridhika na alichoandikiwa mhusika wake, kwamba aliona Ziva haheshimiwi. Mwaka 2016 tukaambiwa tu kwamba Ziva ameuawa kwa kombora, hatukumwona hata sura, na habari ya kifo chake ikaja pamoja na mtoto wa kike ambaye mpelelezi mwenzake Tony hakujua kuwa ni wake. Mama anaondolewa, mtoto analetwa, mwanamume anapata sababu ya kuaga kazi. Watazamaji hawakukubali. Hawakukubali kwa miaka mitatu, mpaka 2019 Ziva akarudishwa akiwa hai, na mwaka 2025 yeye na Tony wakapewa tamthilia yao wenyewe.

Ndiyo maana ninaandika. Sina mamlaka yoyote, lakini barua za watazamaji zina historia katika fani hii. Mwaka 1982 Cagney & Lacey ilianza kurushwa Marekani, wapelelezi wawili wa New York, wote wanawake. Baada ya vipindi sita, wakuu wa kituo cha televisheni cha CBS walimbadilisha Meg Foster aliyekuwa akiigiza Cagney, kwa kuona kwamba wanawake wale wawili walikuwa wakali mno, hawakuwa wa kike vya kutosha. Akaletwa Sharon Gless. Mwaka 1983 wakaifuta kabisa. Watu wakaandika barua, nyingi, na 1984 ikarudi hewani. Kuanzia 1983 hadi 1988, miaka sita mfululizo, tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia ilikwenda kwa mmoja wa wale wawili, Tyne Daly au Sharon Gless. Tena mwaka 2010 CBS hiyohiyo iliamua kutoendelea na A.J. Cook kwenye Criminal Minds na kumpunguzia vipindi Paget Brewster, wawili kati ya wanawake wachache wa kikosi kile. Watazamaji wakapiga kelele, saini zikakusanywa, na 2011 wote wawili wakarudi kazini.

Sasa nije nyumbani, kwenu.

Nairobi mmeanza vizuri. Crime and Justice ya mwaka 2021 ilimweka Makena wa Sarah Hassan bega kwa bega na Silas wa Alfred Munyua, na hakuwepo pale kwa ajili ya kumliwaza Silas. Hata kwenye vitabu, sisi tuliokulia riwaya za mpelelezi Joram Kiango za Ben Mtobwa tunamkumbuka Nuru, aliyekuwa akifuatana naye kwenye hatari zenyewe. Hatuanzii sifuri. Ndiyo maana inauma ninapoona tamthilia mpya, pesa nzuri, kamera nzuri, na dakika ya kwanza ni miguu ya msichana kwenye nyasi, kiatu kimoja kimevuka.

Mnatengeneza hadithi hizi katika nchi ambazo hilo si jambo la kubuni. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita kumi kwa mbio za barabarani za wanawake pekee. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, Septemba 2024 akamwagiwa petroli na mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye, akafariki Eldoret. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Wale walioandamana wanarudi nyumbani, wanawasha televisheni, na mnawapa meza ya chuma yenye msichana aliyepakwa rangi ya mdomo. Shangazi anasema kesi nyingi alizozishika dawatini zilianza na mapenzi ambayo kila mtu aliyaona mazuri. Mwanamume anayemfuata mwanamke kazini, anayekagua simu yake, anayempiga mwenzake kwa wivu, kwenye tamthilia zenu huyo ndiye anayependa kweli, na anawekewa wimbo. Shangazi akiona hivyo anazima sauti.

Kwa hiyo naomba haya, na nayaomba kwenu mnaoidhinisha pesa, kwa sababu mwandishi hufuata anachoambiwa kitanunuliwa.

Skripti ikiwafikia na mwanamke anakufa ndani yake, muulizeni mwandishi: marehemu alikuwa amepanga kufanya nini wiki ijayo? Mwenye kuuawa lazima awe na wiki ijayo: mchezo wa kupokea, mtihani, deni la duka, safari ya Lushoto kumwona bibi. Kama mwandishi hana jibu, mrudishieni skripti. Watu wake waonekane, yule wa nje ya mlango wa mochwari aingie kwenye picha hata kama hana la kusema. Kamera isitambae juu ya mwili wake kwa namna ambayo msingethubutu kumfanyia marehemu wa nyumbani kwenu.

Mpelelezi wenu mwanamke apendwe na mtu, akitaka, na mtu huyo asiwe lazima awe polisi, wala asiwe lazima afe au amsaliti. Anaweza kuwa mwalimu wa hesabu anayempashia ugali usiku. Na akiolewa, kesi ziendelee.

Mwanamke aliyeuawa kabla ya kipindi cha kwanza, mke wa zamani wa steringi, mchumba wake, mpeni kipindi kimoja ambacho ni chake. Kimoja tu, akiwa hai, na steringi asiwemo kabisa.

Nilimsomea shangazi barua hii kabla ya kuituma. Alinyamaza, kisha akasema nimesahau jambo moja: nimewaambia waandike lakini sikuwaambia waulize wapi. Akasema niwaandikie kwamba yeye yupo, kiuno ndicho kinamsumbua lakini kumbukumbu ni nzima, na hatataja jina la mtu yeyote aliyepita mbele ya dawati lake, ila anaweza kuwaeleza mama anayesubiri nje ya mlango hushika nini mkononi, hukaa vipi, na hugeuka vipi anapoitwa. Mwandishi yeyote anayetaka kujua aje Tanga. Asije alasiri, alasiri shangazi hulala. Aje asubuhi, na daftari.

Wenu,
Mtazamaji, Tanga